Nyota ya Daudi dirishani: jinsi ya kutengeneza pambo la vioo vya rangi

Mara ya kwanza kupewa kazi na familia ya Kiyahudi, niliagizwa herufi mbili tu za Kiebrania, het na yod, za kuwekwa kwenye kidirisha kilicho juu ya mlango. Ukiziweka pamoja zinasomeka "hai", kwa h ya kooni, na maana yake ni ileile tuliyonayo sisi: aliye hai. Nikafurahi kweli, nikajiona nimeshaijua lugha. Nikakata, nikalehemu, nikang'arisha, nikapachika kwenye fremu na kupaka puti. Mama mwenye nyumba akaja sebuleni, akatazama juu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Hii umewaandikia majirani?"

Kutokea nje herufi zilisomeka vizuri. Kutokea ndani het ilikuwa imegeuka na yod imekaa upande usio wake. Mchana mzima nilikuwa nabandua puti.

Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na herufi. Unaanza na nyota ya pembe sita, ambayo mtu aliyeko barabarani na aliyeko kitini wataiona sawasawa. Tutaifanya nzima, kutoka karatasini mpaka dirishani, kisha nitagusia alama nyingine kwa ajili ya atakayenogewa.

Kwa nini nyota

Kioo hakipendi kona inayoingia ndani. Ukijaribu kukata umbo lenye kona kama ya herufi L, ufa hautageuka na mstari wako. Utanyooka mbele na kukupasulia kipande. Nyota ya Daudi haina shida hiyo. Ukiichora ndani ya duara inagawanyika yenyewe: katikati kuna umbo la pande sita, kulizunguka kuna pembetatu sita, na kati ya ncha kuna vipande sita vya kujazia. Jumla ni vipande 13, na hakuna hata kimoja chenye kona inayoingia ndani. Sijui alama nyingine maarufu inayomhurumia mwanagenzi namna hii.

Usije ukamwambia mteja, hata hivyo, kwamba hii ndiyo alama kongwe ya Wayahudi. Kongwe ni menora, kinara cha matawi saba kinachoelezwa katika Kutoka sura ya 25. Askari wa Kirumi wamechongwa wakiibeba kwenye Tao la Tito mjini Roma. Pembe sita zilitumiwa na watu wengi kama pambo na kinga, na huku kwetu pwani wengi wanazijua kama Muhuri wa Nabii Suleimani, ule wa kwenye hirizi. Ni Prague, kuanzia karne ya 14, ndiko zilikoanza kuwa alama ya jumuiya ya Wayahudi, na kuenea kila mahali kukaja karne ya 19.

Vitu vya kuwa navyo

Kioo cha unene wa milimita 3. Vioo vya luva ni vinene mno kwa kazi hii, chupa zina mviringo, na kioo cha dirisha la gari usikiguse kabisa: kimepikwa kiwe kigumu, hakikatiki, kinalipuka na kuwa changarawe. Kioo cheupe chenye maua, kile cha madirisha ya bafuni, kinafaa sana kwa vipande vya kujazia, na fundi vioo yeyote ana mabaki yake. Cha rangi ndicho cha kutafuta. Waombe wanaotengeneza madirisha ya makanisa wakuuzie vipande. Kwa pambo hili huhitaji karatasi nzima.

Mengine: kikatio cha kioo chenye kigurudumu, mafuta ya taa kidogo, koleo, jiwe la kunolea au msasa wa maji, utepe wa shaba wenye gundi wa upana wa milimita 5 au 6 (mita 4 zitatosha na kubaki), chuma cha kulehemu cha wati 80 hadi 100, dawa ya kulehemu ya maji pamoja na brashi yake, na lehemu yenye bati asilimia 60 na risasi asilimia 40. Lehemu ya mafundi redio, ile yenye ulimbo ndani, inaacha masizi ya kahawia yanayonata, iache dukani. Ongeza bikari, rula, ubao laini wa kupigilia misumari, na waya wa umeme wa nyumba wa uzi mmoja, ule wa 2.5, kama sentimita 90. Utauchuna plastiki, utauona kazi yake mwishoni.

Miwani ya kinga si hiari. Risasi nayo ni sumu inayoingia kwa mikono na chakula kuliko kwa pua: usile wala kunywa mezani, nawa kwa sabuni kila unaposimama, fungua madirisha, na watoto na mama mjamzito wasiwepo chumbani.

Kuchora

Tanua bikari sentimita 12, chora duara. Bila kubadilisha upana, weka sindano popote kwenye mstari wa duara na ukate alama, hamia kwenye alama, kata nyingine, mpaka uzunguke. Zitatoka alama sita na ya mwisho itaangukia pale ulipoanzia. Isipoangukia, bikari yako imelegea. Kaza, anza upya, kwa sababu kosa la milimita moja hapa litakuwa la milimita tano ukishafika kwenye vioo. Unganisha alama kwa kuruka moja moja: pembetatu kubwa ya kwanza, kisha ya pili iliyogeuka. Nyota imetoka.

Rudufu mchoro uwe na nakala mbili. Andika namba kwenye kila kipande katika nakala zote. Moja inabaki mezani kama ramani, nyingine unaikata vipande viwe vielelezo. Unapoikata, pita ndani ya mstari ili mstari wenyewe uondoke. Nafasi hiyo ndiyo watakayokaa utepe na lehemu. Wanaosahau hili huishia na duara ambalo halifungi.

Rangi

Rangi ya kwanza inayokuja akilini ni buluu, na si kwa bahati. Torati katika Hesabu 15 inaagiza uzi wa samawi kwenye vishada vya vazi, na Talmudi, mkusanyiko wa mafundisho ya wahenga wa Kiyahudi, inaeleza sababu kwa mlolongo ninaoupenda: samawi inafanana na bahari, bahari inafanana na mbingu, na mbingu inafanana na kiti cha utukufu. Ukipata kioo cha buluu chenye mawimbi ndani yake, kisichokolea sawasawa, kinunue hata kama bei inauma.

Ushauri wangu: pembetatu sita ziwe buluu angavu, vipande vya kujazia viwe kioo cheupe chenye maua, na umbo la katikati liwe kioo cha maziwa, cheupe au rangi ya asali. Cha maziwa kinatawanya mwanga badala ya kuupitisha moja kwa moja. Taa ikiwa nyuma yake hutaona balbu. Utaona kioo chote kimewaka.

Ukitaka kuona buluu inaweza kufanya nini mikononi mwa bingwa, tafuta picha za madirisha ya Marc Chagall katika sinagogi la hospitali ya Hadassah, Ein Kerem, Jerusalem, yaliyozinduliwa mwaka 1962. Ni madirisha 12 kwa makabila 12 ya Israeli, kila moja na rangi yake kuu: Lawi manjano, Yuda nyekundu. Hayana sura ya binadamu, kwa kuheshimu katazo la sanamu. Wanyama, samaki, maua na herufi ndivyo vinavyobeba habari. Yalitengenezwa Reims, Ufaransa, na Charles Marq, aliyebuni njia ya kumwezesha Chagall kuweka rangi hadi tatu kwenye kipande kimoja bila kuzitenganisha kwa risasi. Sisi hatuna ujanja huo. Kwetu kila badiliko la rangi ni mstari mweusi, kwa hiyo mstari lazima uwe sehemu ya picha. Kwenye nyota, mistari ndiyo picha yenyewe.

Kukata

Fanya mazoezi kwanza kwenye kioo cha kawaida cha dirisha, angalau mikato ishirini. Chovya kigurudumu kwenye mafuta ya taa. Anza milimita mbili kutoka ukingoni, shika kikatio kikiwa wima, sukuma kwa nguvu moja isiyopanda wala kushuka, mpaka ukingo wa pili. Sikiliza: mkato mzuri unalia kama karatasi inayochanwa taratibu. Ukiona unga mweupe na vijipande vinaruka, umekandamiza mno. Na usirudie mstari uleule kamwe. Kurudia kunaua kigurudumu na ufa unachagua njia yake.

Vunja mara moja, usiache mkato ulale. Kunja ngumi mbili chini ya kioo, mstari ukiwa katikati, vidole gumba juu, kisha zungusha viganja kwenda nje kama unayemega mkate. Kitalia "tak".

Sasa ujanja wa pembetatu. Kwa duara la sentimita 12, kila pembetatu ndogo ina kimo cha sentimita 6 kamili. Kwa hiyo usikate pembetatu moja moja. Kata ukanda mmoja wa buluu wa upana wa sentimita 6 kasoro milimita moja, na urefu wa sentimita 25, kisha ukate mikato ya mshazari kwa kufuata kielelezo, moja ikielekea huku na nyingine kule. Pembetatu zote sita zitatoka na zitabaki ncha mbili tu. Mawimbi ya kioo yatageuka geuka ukishazipanga. Mimi naona inapendeza, nyota inakuwa kama inazunguka. Asiyependa atumie buluu isiyo na mawimbi.

Vipande vya kujazia, anza na pande mbili zilizonyooka, tao liwe la mwisho. Ukianza na tao, kipande kinakosa mahali pa kushikwa. Mabaki yanayogoma yamegue kwa koleo kidogo kidogo, kisha sugua kingo zote kwenye jiwe lenye maji hadi ziache kung'ata kidole.

Panga vyote juu ya ramani. Anza katikati, toka nje. Mwanya wa milimita moja hausumbui. Kipande kinachopanda juu ya mwenzake kinasumbua. Rudi nacho kwenye jiwe. Usijidanganye kwamba lehemu itakisukuma.

Utepe na lehemu

Futa vipande kwa spiriti. Bandika utepe ukingoni ukiwa katikati, ubaki sawa pande zote mbili, na mwisho upande juu ya mwanzo kama nusu sentimita. Kunja, kisha sugua kwa kijiti cha plastiki au mpini wa kalamu mpaka ulale kabisa. Utepe uliolala vibaya utaingiza dawa chini yake, na baada ya miezi utauona umefanya kutu ya kijani. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi za watu. Weka redio, kaa.

Pigilia misumari kulizunguka duara ili vipande visitembee. Paka dawa, kisha weka tone la lehemu kwenye kila makutano. Kwenye kila kona ya umbo la katikati vinakutana vipande vinne. Ni makutano sita, ni matone sita, na nyota nzima inashikana. Ondoa misumari. Jaza mistari yote ikiwa bapa, halafu rudia polepole ukiongeza lehemu mpaka mstari uvimbe kama nusu ya uzi mnene. Chuma kikikaa sehemu moja zaidi ya sekunde chache, kioo kitapasuka kwa joto, na kile cha katikati ndicho hupasuka kwanza kwa sababu kila mtu anapenda kurembesha makutano yake. Tone likikataa kutulia, hamia upande mwingine, rudi likipoa. Geuza, fanya nyuma vilevile.

Waya sasa. Uchune, unyooshe, uanzie chini ya pambo na kuuzungusha ukingoni, ukiulehemu juu ya utepe. Juu, utengenezee vitanzi viwili hukohuko kwa kuusokota, kila kimoja kikae pale ncha ya nyota au mstari unapogusa ukingo. Usilehemu kitanzi kwenye utepe wa ukingoni peke yake. Utepe unashikwa na gundi tu, na siku ya jua kali gundi italegea na nyota yako itakuwa sakafuni.

Kusafisha

Osha siku hiyohiyo kwa sabuni ya vyombo na soda ya kuokea; dawa ya kulehemu ikilala, inakula. Mistari itakuwa ya fedha. Ukitaka iwe na wekundu wa shaba, yeyusha mrututu kwenye maji ya uvuguvugu, vaa glavu, futa mistari kwa kitambaa, suuza tena. Mrututu ni sumu, chupa yake ikae mbali na jiko. Malizia kwa nta ya kung'arishia gari.

Ukitaka kwenda mbali zaidi

Komamanga ni hatua nzuri ya pili. Ni mojawapo ya mazao saba ya nchi yanayotajwa katika Kumbukumbu la Torati 8:8, huliwa Mwaka Mpya wa Kiyahudi, na wazee husema lina mbegu 613 sawa na amri za Torati. Usijaribu kukata mbegu. Vipande vitano vya wekundu tofauti na taji juu yake vinatosha, jicho litajazia.

Menora iache mpaka mkono uzoee, kwa kuwa matawi yake ni matao membamba na kila tao lina upande unaoingia ndani. Hesabu matawi kabla ya kukata: saba ni menora ya Hekalu, tisa ni hanukia, yaani usiku nane za Hanuka, sikukuu ya taa ya Wayahudi, na mshumaa mmoja wa kuwashia wengine. Nimeona kadi nzuri sana ya sikukuu ikiwa na matawi manane. Na usilehemu kishikilia mshumaa kwenye vioo. Lehemu ya 60/40 inaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 tu na kioo hakivumilii mwali.

Mkono wa vidole vitano, hamsa, hauna ugomvi na nyumba yoyote, Wayahudi na Waislamu wote wanaujua. Herufi sasa unaweza, ukishajua msomaji amesimama upande gani, na ukiangalia mambo madogo: dalet ina kona, resh imeviringika, he ina mwanya kushoto, het haina. Lehemu nene kidogo ikiziba mwanya, umeandika herufi nyingine. Jina la Mungu lenye herufi nne usiliweke kwenye kazi inayoweza kuvunjika na kutupwa; kwao maandishi hayo hayatupwi wala kufutwa.

Ombi gumu kuliko yote, na zuri, ni la maharusi. Mwishoni mwa ndoa ya Kiyahudi bwana harusi huvunja glasi kwa mguu, kukumbuka Hekalu lililobomolewa hata siku ya furaha. Wengine huvihifadhi vile vipande na kukuletea ndani ya leso. Ni vyembamba, vimepinda, havikatiki wala havishiki utepe. Usivilazimishe. Chukua umbo la katikati la nyota, likate mara mbili kwenye kioo kisicho na rangi, kinachoonyesha, cha milimita 2, tandaza vipande vya glasi vidogo katikati yake kama vilivyoanguka, funika, zungushia utepe mpana, na uendelee kama kawaida. Hesabu vipande mbele yao wakati wa kupokea, na uwarudishie hata unga uliobaki kwenye leso.

Kutundika

Tundika kwa vitanzi vyote viwili na mnyororo mwembamba au waya, si uzi wa nguo. Kama ni nyumba inayoshika Sabato, usipange kupeleka kati ya Ijumaa jioni na Jumamosi jioni. Ya Hanuka ifike mapema, kwani sikukuu huangukia Novemba au Desemba, na taa zake kwa desturi huwekwa mlangoni au dirishani ili wapita njia wauone muujiza unaokumbukwa na sikukuu hiyo.

Kuna maelezo ya wahenga kuhusu madirisha ya Hekalu la Suleimani yanayotajwa katika Wafalme wa Kwanza 6: ati yalikuwa membamba ndani na mapana nje, kinyume na ya watu, kwa sababu Hekalu halikuhitaji mwanga wa nje, mwanga wake ndio uliokuwa ukitoka. Mchana pambo lako ni la walio ndani. Jua likizama, kutokea kitini utaona mistari tu na kioo cheusi. Washa taa ya chumba, fungua mlango, vuka barabara na ugeuke. Kama pembetatu moja imefifia kuliko nyingine tano, au kioo cha katikati kina kivuli cha mnyororo, ni kutokea hapo utakapoiona.